Mafuta ya CBD hayakai kwenye rafu ya dawa baridi

Kichupa kilitoka kwenye pochi kikiwa kimeviringishwa leso. Kioo cha kahawia, mililita 30, mfuniko wenye kibomba cha mpira cha kudondoshea matone. Aliyekileta ni mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi hapa Tabata, ambaye kila mwezi huja kuchukua dawa ya kifafa ya mwanawe.

"Dokta, dada yangu wa Marekani kaniletea kwa mtu aliyekuja likizo. Anasema kule yanauzwa mpaka sheli, wala huulizwi cheti. Nimpe mtoto matone mangapi?"

Mimi ni mfamasia, ila Dar ukivaa koti jeupe nyuma ya kaunta wewe ni dokta, na mama huyu alistahili jibu kamili. Swali lake linanijia mara nyingi siku hizi, kwa sura mbalimbali. Huyu anataka usingizi, yule magoti yanamuuma, mwingine ana mgonjwa wa kansa nyumbani na ameona video kwenye simu. Wote wameshika neno moja, CBD, na ndani ya neno hilo mna mambo matatu yaliyosukwa kama ukili: dawa ya kweli ya hospitali, kirutubisho cha kujinunulia, na mmea ambao sheria yetu imeukataza. Sifa za lile la kwanza hutumika kuuzia la pili, na la tatu halitajwi kabisa.

CBD ni kifupi cha kanabidioli, kemikali iliyomo kwenye bangi. Ndiyo, bangi hiihii. Mwanakemia Roger Adams aliitenga mwaka 1940 huko Illinois, Marekani, na mwaka 1963 Raphael Mechoulam na wenzake wa Israeli wakaonyesha umbo lake. Mwaka uliofuata Mechoulam na Yechiel Gaoni wakaitenga THC, ile inayolevya. Hizi mbili zina hesabu ileile ya atomu: kaboni 21, hidrojeni 30, oksijeni 2. Zinatofautiana mpangilio tu, na mpangilio unatosha. THC huingia kwenye vipokezi vya ubongo viitwavyo CB1 kama ufunguo kwenye kitasa chake. CBD haikai sawasawa kwenye kitasa hicho, ndiyo maana anayeinywa peke yake hapepesuki wala macho hayawi mekundu. Shirika la Afya Duniani liliipitia na mwaka 2018 likasema haionyeshi dalili ya kumfanya mtu awe mraibu wake. Hapo dada wa Marekani yuko sahihi: CBD safi hailevyi.

Tatizo ni neno "safi", nami nitalirudia. Kabla ya hapo niondoe utata wa majina, maana umewaponza wengi. Marekani, kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2018, bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu inahesabiwa kuwa zao halali na inaitwa hemp. Baadhi ya tafsiri za mtandaoni zinaita mafuta yake "mafuta ya katani". Katani kwetu ni nyuzi za mkonge, zile zinazotoka mashamba ya Tanga kwenda kutengeneza kamba na magunia, na mkonge hauna undugu wowote na bangi. Ukiona mafuta ya katani yanadaiwa kutibu wasiwasi, jua mtafsiri kakosea au muuzaji kaficha. Kuna pia mafuta ya mbegu za hemp, yanayokamuliwa kama alizeti. Hayo ni mafuta ya kula, CBD iliyomo ni kidogo mno, lakini chupa zake nazo zina picha ya jani la bangi na mtu hulipa bei ya dawa kwa kitu cha kukaangia.

Sasa dawa ya kweli. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni: Dravet na Lennox-Gastaut. Mwaka 2020 ikaongeza kifafa kinachotokana na ugonjwa wa kurithi wa uvimbe uitwao tuberous sclerosis. Idhini hiyo ilitokana na majaribio ya kweli. Katika jaribio moja la Dravet lililochapishwa mwaka 2017, watoto na vijana 120 waligawanywa makundi mawili, wote wakiendelea na dawa zao za kawaida. Kundi la CBD lilishuka kutoka degedege kama 12 kwa mwezi hadi kama 6. Kundi lililopewa maji yasiyo na dawa lilitoka 14.9 hadi 14.1. Kwa mzazi aliyewahi kumshikilia mtoto akitikisika sakafuni usiku, tofauti hiyo ni kubwa. Siwezi kumbeza mama anayeitafuta.

Kwa hiyo nilimwambia: shemeji, dada, yeyote aliyekuambia CBD inasaidia kifafa hakutunga. Kisha nikachukua kalamu.

Kichupa kimeandikwa miligramu 1000 katika mililita 30, yaani miligramu 33 kwa kila mililita. Karatasi ya maelekezo inasema matone 10 mara mbili kwa siku. Matone 20 ni kama mililita 1, kwa hiyo mtoto angepata miligramu 33 kwa siku. Dawa ya hospitali huanzia miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kisha hupandishwa hadi 10, na daktari akiona inafaa hadi 20. Mtoto wake ana kilo 20. Kwa kiwango cha 10, anahitaji miligramu 200 kila siku. Hiyo ni mililita 6 za kichupa hiki. Kichupa kizima kingeisha siku ya 5.

Mama aliitazama karatasi muda mrefu. "Kwa hiyo hayo matone ni ya nini?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina. Matone hayo ni kiasi ambacho muuzaji anaweza kukiuza bila daktari. Nchi zilizoruhusu CBD kama kirutubisho zinabana kiasi hasa kwa sababu hakuna anayemsimamia mnywaji. Wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza uliwashauri watu wazima wenye afya mwaka 2020 wasizidishe miligramu 70 kwa siku. Oktoba 2023 ukashusha hadi 10, baada ya kuona taarifa mpya kuhusu ini na tezi ya shingo. Miligramu 10 ni kama matone 6 ya kichupa cha mama. Afrika Kusini ilipofungua mlango wa kuiuza bila cheti iliweka ukomo wa miligramu 20 kwa siku. FDA yenyewe, pamoja na kwamba bidhaa hizi zimejaa madukani kwao, haijakubali CBD iuzwe kama kirutubisho, na Januari 2023 ilitamka kwamba kanuni zilizopo za virutubisho hazitoshi kulinda watu. "Wanauza mpaka sheli" ni kweli. "Serikali yao imekubali" ni jambo jingine.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii, na nitalisema waziwazi. Kiasi chenye nguvu ya kutibu kina nguvu pia ya kuchokoza ini na kugombana na dawa nyingine, kwa hiyo kinahitaji daktari na vipimo. Kiasi kidogo kisichohitaji daktari bado hakijaonyeshwa kutibu kitu. Muuzaji wa mtandaoni anaahidi nguvu ya kiasi kikubwa na usalama wa kiasi kidogo ndani ya kichupa kimoja. Vyote viwili kwa pamoja hakuna aliyevionyesha.

Chukua wasiwasi, ambao ndio sababu kubwa ya vijana wa mjini kuiulizia. Watafiti wa Brazil waliwapa wanaume wenye afya CBD kabla ya kusimama kuzungumza mbele ya watu. Waliopewa miligramu 300 hofu ilipungua. Waliopewa 150 na waliopewa 600 haikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Miligramu 300 ni mililita 9 za kichupa chetu, karibu theluthi ya chupa kwa hotuba moja. Anayedondosha matone matano chini ya ulimi kabla ya usaili wa kazi akasema yametulia moyo, huenda kweli ametulia, kwa kuwa ameketi dakika tano akipumua. Kuhusu maumivu, chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilitoa msimamo mwaka 2021 kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuunga mkono matumizi ya dawa za jamii ya bangi. Kuhusu kansa, seli kwenye sahani ya maabara zimeonyesha mambo ya kuvutia, lakini sahani haina ini, haina figo, wala haina watoto wanaomsubiri nyumbani. Nawasihi wenye wagonjwa: tarehe ya hospitali ya kansa ya Ocean Road isirukwe kwa sababu ya video.

Turudi kwenye neno "safi". Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD kutoka kampuni 31 wakazipima. Zilizosema kweli kuhusu kiasi cha CBD zilikuwa 26. Nyingine zilikuwa na CBD nyingi kuliko ilivyoandikwa, nyingine pungufu. Na 18 zilikutwa na THC. Kuna bidhaa ambazo THC imo kwa makusudi: kichupa kikiandikwa "full spectrum" maana yake wameacha kemikali nyingine za mmea humo, ikiwemo THC kidogo. Cha yule mama kilikuwa na maneno hayo upande wa nyuma, kwa herufi ndogo kama mchanga, chini ya picha ya jua linalochomoza. Mtoto wa kilo 20 anayepewa matone hayo kila siku anakunywa pia kile ambacho mama yake aliapiwa kwamba hakimo. Mwanamichezo naye asijidanganye. Shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, liliiondoa CBD kwenye orodha yake kuanzia mwaka 2018, lakini THC bado inakatazwa wakati wa mashindano, na kipimo cha mkojo hakisomi lebo.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi, hata hivyo, ni ini.

Dawa nyingi tunazomeza huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini kabla ya kutoka mwilini. Fikiria kivuko cha Kigamboni asubuhi. Magari yanavuka kwa zamu, foleni inasogea. Likiingia lori kubwa likajaza sitaha, magari mengine yanabaki upande wa Magogoni, na foleni inarefuka mpaka barabarani. CBD ni lori la namna hiyo. Inakalia vimeng'enya, na dawa nyingine zinabaki kwenye damu zikizidi kurundikana ingawa mgonjwa hajaongeza hata kidonge. Wanaotumia dawa fulani za presha au kolesteroli wamewahi kuonywa wasile balungi. Ni mchezo huohuo.

Dawa ya kifafa iitwayo klobazamu ni mfano unaojulikana vizuri: ikichanganywa na CBD, kemikali yenye nguvu inayozaliwa klobazamu inapovunjwa huweza kupanda kama mara tatu kwenye damu, na mtoto analala mchana kutwa. Aliyewekewa vali ya moyo na anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amewahi kuripotiwa damu yake kuwa nyepesi kupita kiasi baada ya kuanza CBD, na daktari wake kulazimika kupunguza dozi. Huyo ni mtu anayeweza kuvuja damu ndani bila kujua. Aliyepandikizwa figo anayetumia takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo hiyo, yuko kwenye hatari ileile ya dawa kurundikana. Kwa upande mwingine, anayetumia rifampisini ya kifua kikuu hali yake inageuka: rifampisini inachochea ini lifanye kazi kwa kasi, na CBD yenyewe inapungua mwilini.

Mtoto wa mama yule anatumia valproeti, ndiyo dawa yake ya kifafa. Katika majaribio, waliotumia valproeti pamoja na CBD ndio walioongoza kwa vipimo vya ini kupanda. Kwa sababu hiyo maelekezo ya dawa ya hospitali yanataka ini lipimwe kabla ya kuanza, kisha baada ya mwezi 1, miezi 3 na miezi 6. Kichupa cha sheli hakina mstari hata mmoja kuhusu hilo. Yanayoonekana kwa macho ni kusinzia, kuharisha, kukosa hamu ya kula, uchovu. Ini halilii.

Na chakula nacho kina neno. CBD hupenda mafuta. Ikinywewa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kuwa mara nne ya kile cha tumbo tupu. Matone yaleyale asubuhi kabla ya chai na matone yaleyale Ijumaa baada ya biriani ni dozi mbili tofauti. Daktari anajua kumwambia mgonjwa anywe kwa namna moja kila siku. Kirutubisho kinakuachia ubahatishe.

Nimeacha sheria mwisho kwa sababu watu huanza nayo wakaishia hapohapo, na mgonjwa anabaki bila kuelewa kitu. Lakini ni lazima isemwe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaihesabu bangi kuwa mmea uliokatazwa, na kulima, kumiliki, kusafirisha na kuuza ni makosa yenye vifungo vizito. Ile asilimia 0.3 ni ya sheria ya Marekani, haivuki mpaka pamoja na begi. Tanzania imo pia kwenye mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ambao unataja kwa jina vitu vinavyokamuliwa kutoka kwenye bangi. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi kwenye kundi lenye masharti makali kuliko yote la mkataba huo, na mitandaoni ikageuzwa kuwa "bangi imeruhusiwa duniani". Haikuruhusiwa. Ilibaki kwenye kundi la kwanza la mkataba, ambalo nalo linadhibitiwa, na pendekezo la kuiachia CBD yenye THC kidogo lilikataliwa siku hiyohiyo. Majirani kama Malawi mwaka 2020 na Rwanda mwaka 2021 walifungua kilimo kwa leseni kwa ajili ya dawa. Leseni ya mkulima wa kule haimpi mtu wa Kimara ruhusa ya kuweka kichupa kabatini.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaopitia Hong Kong kwenda kufuata mzigo Guangzhou wajue pia kwamba tangu tarehe 1 Februari 2023 Hong Kong inaihesabu CBD kuwa dawa hatari ya kulevya, hata iliyo safi, hata ndani ya losheni. Mafuta ya mwili uliyopewa zawadi London yanaweza kukukamatisha uwanja wa ndege.

Na kwa hapa nyumbani, tangu mwaka 2019 chakula na vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, dawa ziko chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Kitu kinachodai kutibu ugonjwa ni dawa, hata kikijiita kirutubisho. Dawa baridi, yaani zile unazouziwa bila cheti kama parasetamoli na maji ya chumvichumvi ya kuharisha, zimefika kwenye rafu hiyo baada ya kujulikana dozi yake, madhara yake na mipaka yake. CBD haijafika hapo.

Nilimweleza mama haya yote, kwa maneno machache kuliko niliyoandika hapa, mlango wa ofisi ukiwa umefungwa. Nilimwambia sikiuzi, sikipokei, na asimpe mtoto. Nilimwambia pia ampigie dada yake simu asimtume mtu mwingine na kichupa, kwa sababu atakayeshikwa nacho uwanja wa ndege wa JNIA ni huyo mbebaji ambaye pengine hajui hata kilichomo. Kisha nikamuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza miezi mingi nyuma.

"Mama, kwani dawa ya kliniki imeshindwa? Anaanguka mara ngapi?"

Mara mbili, tatu kwa wiki, akasema. Na tangu kichupa kifike alikuwa ameanza kuruka valproeti ya jioni, ili mwili uzoee taratibu. Moyo ulinidunda. Kukatisha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kumwingiza mtoto kwenye degedege lisilokoma, na hilo linaua. Watu wenye kifafa hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi kwa kiasi sahihi, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Dawa zenyewe ni hizi za siku zote, nyingine za bei ndogo sana. Kabla ya kusema zimeshindwa, mtu hutazama kama zimefika.

"Unampimia na nini?"

"Na kijiko cha chai, kama ulivyosema. Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Cheti kinasema mililita 5 asubuhi na mililita 5 jioni. Nilichukua kijiko tunachotumia kwa chai yetu hapa dukani, nikajaza sirinji maji mpaka mstari wa 5, nikaanza kusukuma polepole juu ya kaunta huku mama ameinama anatazama. Kijiko kilijaa pomoni, maji yakaanza kumwagika ukingoni. Sirinji ilikuwa bado ina mililita 2.

Mama hakusema kitu. Alichukua sirinji akaivuta mwenyewe hadi 5, akairudisha, akaivuta tena. Akaniomba mbili, moja ya kwake na moja ya bibi anayebaki na mtoto yeye akiwa sokoni Buguruni. Nikamwandikia kwenye karatasi ya kupeleka kliniki wiki hiyohiyo, asisubiri tarehe: amekuwa akipata pungufu, dozi za jioni zimerukwa tangu kichupa kifike, tafadhali angalieni upya dozi kabla ya kuongeza dawa ya pili.